Bure na Huru: Uhakiki wa Lugha ya Kuieneza Linux

Miongoni mwa watu wa Afrika ya Mashariki wanaotumia kompyuta wapo wachache ambao hawatumii Windows wala mfumo wa kampuni ya Apple, bali hutumia Linux. Wachache hawa wana bidii kubwa. Akiwa mmoja wao ni mwalimu, hutamani shule yake nzima iutumie mfumo huo. Akiwa ni karani, huwashauri wenzake ofisini. Akiwa ni mwanafunzi, hutia flashi mfukoni akaenda nayo bwenini. Hawakuajiriwa na mtu kufanya hivyo, na ujira hawapati. Walakini baada ya miaka mingi ya juhudi hii mavuno yake ni haba, na sababu zitajwazo ni zile zile: watu hawajui, watu huogopa mageuzi, watu wamezoea Windows. Sababu hizo zina ukweli ndani yake. Lakini ipo nyingine isiyotajwa, nayo yahusu lugha. Maneno ambayo marafiki wa Linux huyatumia kuisifu kwa Kiswahili yamechaguliwa vibaya, na maneno ambayo Linux yenyewe huyatumia kusema na Mswahili katika kioo cha kompyuta hayajakamilika. Kasoro zote mbili zimo katika uwezo wa mtumiaji wa kawaida kuzisahihisha, hata ikiwa hajui kuandika mstari mmoja wa programu.

Yafaa kwanza kukieleza kitu chenyewe. Mfumo wa uendeshaji ni programu kuu ambayo huiamsha kompyuta, husimamia kumbukumbu na diski yake, na kuziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza nia ya kuunda mfumo mzima ambao kila mtu angekuwa na haki ya kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuugawa, akauita GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika Ufini, alitangaza kiini cha mfumo alichokiandika mwenyewe, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GNU. Kiini hicho ndicho Linux. Kilipounganishwa na kazi ya GNU na ya watu wengine ikapatikana mifumo kamili, kila mmoja ukitolewa na kundi lake: Debian tangu 1993, Ubuntu tangu 2004, Linux Mint tangu 2006, na mingine mingi. Kiini hicho hicho kimo ndani ya simu za Android, kwa hiyo muuza samaki wa Feri na dereva wa bodaboda wa Kisumu wanatembea na Linux mifukoni bila kuijua. Isiyojulikana ni Linux ya kompyuta ya mezani.

Sasa na asikilizwe rafiki wa Linux anapoanza kuisifu. Neno lake la kwanza ni bure. Husema kwamba mfumo huu ni wa bure, programu zake ni za bure, masasisho yake ni ya bure, na kwamba mwenye akili hawezi kununua kitu ambacho mfano wake hupatikana bure. Yeye adhani ametaja sifa iliyo kubwa kuliko zote. Lakini neno hili lina sura mbili katika Kiswahili, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 imeziandika zote mbili: kitu kitolewacho bila malipo, na jambo lisilo na faida. Kazi bure si kazi isiyolipwa mshahara. Ni kazi iliyopotea. Maneno ya bure ni upuuzi. Mtu aliyekufa bure hakuokoa fedha, amepoteza roho yake bila sababu. Mtu akiambiwa, “Umejisumbua bure,” hafahamu kwamba amesumbuka pasipo kudaiwa, bali afahamu kwamba usumbufu wake haukuzaa kitu. Maana hizi mbili hukaa katika neno moja kama wapangaji wawili wa chumba kimoja: anayemwita mmoja huitikiwa na wote wawili. Msikilizaji anayeambiwa kwamba mfumo mzima wa kompyuta ni wa bure husikia sauti ya pili hata ikiwa msemaji hakuitia, na moyoni huuliza kasoro yake ni nini hata mwenyewe autoe hivi.

Shaka hiyo si ya ujinga. Mwenye duka la steshenari anayepiga chapa barua za watu na kutoa nakala za vyeti vyao hutegemea kompyuta moja au mbili kwa riziki ya nyumba yake. Ameona mengi yakija kwa jina la bure: laini za simu, vipindi vya majaribio vinavyogeuka kuwa deni, programu zinazofungua mlango kwa virusi. Amejifunza kuogopa. Mtu akimwendea na sifa ya bure, amemwekea Linux katika kundi hilo kabla hajaiona.

Zaidi ya hayo sifa hiyo haina nguvu hata katika hesabu ya fedha. Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki nakala za Windows zisizo na leseni zimezagaa, na fundi humtilia mteja kwa malipo ya kazi yake tu. Mteja huyo hajui kwamba kuna bei aliyoikwepa. Ukimwambia kwamba Linux haina bei, umemwambia kwamba inalingana na kile alicho nacho. Kwake yeye gharama ya Linux ni kubwa zaidi, maana atalazimika kujifunza upya mahali pa kila kitu. Hoja ya bei yawafaa watu wanaolipa leseni kwa haki: wizara, benki, shule yenye mkaguzi wa hesabu. Kwa hao yafaa kusemwa waziwazi na kwa tarakimu. Kwa mtu wa steshenari ni hoja iliyokwisha kushindwa.

Chanzo cha kosa hili ni Kiingereza. Lugha hiyo ina neno moja kwa mambo mawili, kutolipa na kutofungwa, na Stallman mwenyewe amelazimika kwa miaka mingi kueleza kwamba alikusudia lile la pili. Mfano wake mashuhuri ni kuwataka watu wafikiri juu ya uhuru wa kusema, wasifikiri juu ya bia ya kukirimiwa. Waingereza na Wamarekani wanaopenda jambo hili wameazima hata neno la Kifaransa au la Kihispania ili kuondoa utata katika lugha yao. Mswahili hana haja ya kuazima. Analo bure na analo huru, na hapana mtoto wa shule ambaye huyachanganya. Basi aliyetafsiri kwa bure ameuchukua umaskini wa Kiingereza akautia katika Kiswahili mahali ambapo Kiswahili kilikuwa tajiri.

Ushahidi kwamba maneno haya mawili hayalingani unapatikana katika historia ya programu huru zenyewe. Mwaka 1985 Stallman alikuwa akiuza kanda za programu yake Emacs kwa dola 150 kila moja. Hakuvunja kanuni yake hata kidogo. Leseni ya GNU yaruhusu mtu kuuza nakala kwa bei apendayo; kilichokatazwa ni kumnyima mnunuzi haki zile zile alizokuwa nazo muuzaji. Fundi wa Kariakoo anayemwekea mtu Linux na kudai ujira hakufanya hila yoyote, na yule anayemlaumu kwa kuuza kitu cha bure ndiye ambaye hakuielewa leseni. Jambo hili lina uzito katika uenezi, kwa sababu fundi ndiye mtu ambaye wengi humsikiliza. Akiambiwa kwamba Linux ni bure, ataona riziki yake inaondolewa. Akiambiwa kwamba ni huru, kwamba aweza kuinakili mara elfu bila hofu ya sheria, kuichunguza, kuirekebisha na kulipwa kwa ustadi wake, ataona kwamba amepewa chombo cha kazi.

Neno huru nalo lataka uangalifu. Katika Tanganyika ya 1961 na Kenya ya 1963 lilibeba matumaini ya mataifa, na tangu hapo lina harufu ya bendera na hotuba. Lakini wakati huo huo TANU ililifunga pamoja na neno jingine katika wito wa Uhuru na Kazi, na ufungaji huo waifaa sana Linux, ambayo humpa mtumiaji haki pamoja na shughuli. Wapo wanaopendelea huria, neno linalosikika katika soko huria na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na husema programu huria au msimbo huria. Neno hilo ni zuri kwa kutaja kitu kilichofunguliwa mlango kwa wote, na labda lafaa zaidi kwa mafundi ambao tangu 1998 wamependa kuitaja njia hii ya kazi kwa sifa ya uwazi wa msimbo kuliko kwa haki za mtumiaji. Lakini huria humsifu mwenye mlango, na huru humsifu apitaye. Mtu wa kawaida anapoambiwa juu ya Linux yafaa asikie habari zake yeye mwenyewe. Wikipedia ya Kiswahili imejiita kamusi elezo huru, wala hapana msomaji aliyelalamika kwamba hakufahamu.

Katika habari ya majina, Ubuntu imewapa Waswahili zawadi ambayo hawajaitumia. Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini alipoanzisha mfumo huo mwaka 2004 alichukua jina kutoka lugha za Kizulu na Kikhosa. Neno hilo ni ndugu wa damu wa utu: umuntu ni mtu, abantu ni watu, ubuntu ni utu. Mzungumzaji wa Kiswahili aweza kulieleza jina hili kwa pumzi moja, na kueleza pamoja nalo kwa nini watu wasiojuana huandika programu kwa ajili ya wengine. Hata hivyo marafiki wengi wa mfumo huo hulitamka kama jina la bidhaa ya ng’ambo, wakaanza tena habari za bure. Kampuni ya Canonical, inayotoa Ubuntu, ilikuwa hadi 2011 ikituma sidii zake kwa posta kwa yeyote aliyeomba, pasipo kudai hata gharama ya stempu. Ukarimu huo ulikuwa wa kweli. Lakini sidii iliyofika bila mtu wa kukaa karibu na mpokeaji siku ya kwanza ilikuwa barua isiyo na msomaji.

Kuna jambo jingine katika historia ya Ubuntu lenye kustahili kupimwa. Katika daftari la hitilafu za mfumo huo, hitilafu namba moja, iliyoandikwa na Shuttleworth mwenyewe mwaka 2004, ilisema kwamba Microsoft ilikuwa na sehemu kubwa ya soko. Mwaka 2013 aliifunga, kwa kuwa simu na vifaa vingine vilikuwa vimebadilisha hali ya soko. Ulikuwa mzaha wenye maana, na uliwatia watu ari. Lakini uliacha tabia mbaya nyuma yake, nayo ni kupima ustawi wa jambo kwa kumtazama adui. Mtu aliyejifunza uenezi katika shule hiyo hutumia nusu saa kuidhihaki Windows mbele ya karani ambaye kwa miaka kumi ameandika barua zake zote kwa Windows. Karani ameambiwa, kwa njia ya kuzunguka, kwamba miaka kumi yake ilikuwa ya upumbavu. Haielekei atabadilisha mfumo kwa sababu hiyo.

Ama kuhusu lugha ya mfumo wenyewe, hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo mtumiaji wa kawaida anayejua Kiswahili ni bora kuliko mhandisi asiyekijua. Mtu akichagua Kiswahili katika Ubuntu au Debian, sehemu kubwa ya maandishi ya kioo hubaki kwa Kiingereza. Neno moja la Kiswahili hufuatwa na matatu ya kigeni, kama khanga iliyotiwa viraka vya gunia. Juhudi hazikukosekana. Mwaka 2004 mradi ulioitwa Kilinux, wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washauri kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisini kwa Kiswahili. Ilikuwa ni hatua ya kuheshimiwa, ijapokuwa jina lake lilichaguliwa kwa masikio ya wageni; Mswahili humwamkia mwenziwe kwa hujambo, na jambo lililo peke yake humkumbusha watalii. Lakini programu hazisimami mahali pamoja. OpenOffice iliendelea kubadilika, mwaka 2010 baadhi ya watu wake wakajitenga na kuanzisha LibreOffice, na tafsiri ya toleo moja haiwezi kuyafuata matoleo mapya kwa miguu yake. Tafsiri ya programu ni kama shamba: haikosi palizi kila msimu, na wapaliliaji wake ni watu wanaoitumia.

Ugumu wa kazi hiyo unastahili kuelezwa, maana wengi hudhani ni kazi ya kamusi. Programu nyingi za Linux hufasiriwa kwa chombo kiitwacho gettext. Mfasiri hupewa faili lenye sentensi za Kiingereza, na chini ya kila moja pengo la kujaza. Hazioni sentensi hizo mahali zitakapotokea. Basi humjia neno moja peke yake lenye maana ya -pya. Kwa Kiingereza limekamilika. Kwa Kiswahili haliwezi kutembea bila jina: faili ni jipya, kitabu ni kipya, barua ni mpya, mtumiaji ni mpya, na mfasiri hajui ni lipi kati ya hayo litasimama kando yake. Neno la -ote humtia katika shida ile ile, kwani kuna wote, zote, yote na vyote. Asipojua hubahatisha, na kubahatisha kwake ndiko kunakoonekana baadaye na mwanafunzi wa Morogoro.

Shida kubwa zaidi ni ya sentensi zenye pengo ndani yake. Mtungaji wa programu huandika sentensi moja isemayo kwamba kitu fulani kimeondolewa, akaacha pengo mahali pa jina, ili kompyuta ijaze jina lolote lihusikalo. Kiingereza hakina upatanisho wa ngeli, kwa hiyo sentensi hiyo yafaa kwa majina yote. Kiswahili chadai kwamba programu imeondolewa, kifaa kimeondolewa, kabrasha limeondolewa, na mtumiaji ameondolewa. Mfasiri aliyetia “imeondolewa” kwa wote atamletea mtu habari kwamba mtumiaji imeondolewa, maneno ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeyacheka. Kichwa cha faili la tafsiri ya Kiswahili hueleza kwamba lugha hii ina maumbo mawili ya hesabu, umoja na wingi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayasemi lolote juu ya ngeli, na ngeli ndiyo nguzo ya nyumba. Hata jina faili lenyewe halijatulia: wengine husema faili limefutwa na mafaili yamefutwa, wengine faili imefutwa na faili zimefutwa, na katika programu moja zaonekana zote mbili.

Dawa ipo, nayo haihitaji uhandisi. Sentensi yaweza kugeuzwa ili jina litajwe mwisho baada ya nukta mbili na kitendo kisimame peke yake: Uondoaji umekamilika, kisha jina la kitu. Upatanisho umebaki kati ya uondoaji na umekamilika, wala hapana jina liwezalo kuuvunja. Mfasiri mzoefu hulijua jambo hili; aliye mgeni hulijua siku anapoletewa barua na mtumiaji aliyeona kosa. Barua hiyo ndiyo msaada ambao marafiki wa Linux huusahau. Mtu mmoja atumiaye Kiswahili katika kompyuta yake kila siku, na kuandika kila mwezi makosa matano aliyoyaona pamoja na mahali yalipotokea, ameisaidia Linux kuliko aliyebandika picha za pengwini, nembo yake, katika milango yote ya chuo.

Hapa hutokea swali la msamiati, na ugomvi wake. Kompyuta au tarakilishi, nenosiri au nywila, kipanya au puku: kila neno lina watetezi, na mara nyingi mpaka wa Kenya na Tanzania hupita katikati yao. Mifumo ya Linux ina nafasi ya Kiswahili cha Tanzania na nafasi ya Kiswahili cha Kenya, na wapo watakaoshawishika kufanya tafsiri mbili. Ni hatari kwa lugha ambayo haijapata wafasiri wa kutosha kwa tafsiri moja. Nafasi hizo mbili ziliwekwa kwa ajili ya sarafu, tarehe na mambo kama hayo, na yafaa zibaki hivyo. Kwa maneno, kipimo kiwe ni kile ambacho mtu wa steshenari husema anapomwita mwenzake amsaidie. Neno nenosiri mtu alifahamu mara ya kwanza alisikiapo, maana limevaa maana yake nje. Nywila lataka kufundishwa, ingawa ni fupi na kioo kidogo hupenda maneno mafupi. Kusakinisha limekwisha kukaa katika masikio ya wengi, lakini kuweka bado linasikika kwa mafundi na halina kosa. Istilahi iliyotungwa na wataalamu na kutumiwa na wataalamu peke yao haijazaliwa bado, hata ikiwa imechapwa katika kitabu.

Muda wa kufanya haya ni mzuri. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 hudai kompyuta iwe na vifaa ambavyo mashine nyingi za zamani hazina. Kompyuta za mtumba, ambazo ndizo wengi katika nchi hizi wazimudu, zimo hasa katika kundi hilo. Mashine hizo hazijafa. Linux hufanya kazi vizuri ndani yake, na Ubuntu au Linux Mint yaweza kuamshwa kutoka katika flashi ili mwenye kompyuta aionje pasipo kuigusa diski yake. Asipoipenda huichomoa flashi na kila kitu kikabaki kama kilivyokuwa. Hapana hotuba ishindayo onjo hilo.

Lakini onjo hilo lataka ushuhuda wa kweli. Rafiki wa Linux aliye mkweli husema mapema kwamba baadhi ya printa hazitapokelewa kwa urahisi, kwamba kadi fulani za mtandao usio na waya zina matata, kwamba hati iliyopambwa sana katika Microsoft Word yaweza kufunguka katika LibreOffice na mistari yake ikiwa imesogea, na kwamba programu nyingine za hesabu za biashara hazina toleo la Linux kabisa. Mwenye steshenari ambaye wateja wake huleta hati za Word asubuhi hadi jioni ana haki ya kulijua jambo hili kabla hajaamua, na huenda kwake yeye uamuzi bora ni kuibakiza mashine moja kama ilivyo. Kumficha ni kumpoteza, yeye pamoja na wote atakaowasimulia. Kadhalika anayemwekea mtu Linux Ijumaa na asionekane tena ameacha yatima. Siku printa itakapogoma, jina litakalolaumiwa ni la mfumo.

Kwa anayetaka kuanza na lugha, mahali pa kuanzia ni padogo kuliko adhaniavyo. Debian, Ubuntu na mazingira ya GNOME na KDE hupokea tafsiri na taarifa za makosa kutoka kwa mtu yeyote. Taarifa yenye kufaa hutaja jina la programu na toleo lake, maneno kama yalivyotokea katika kioo, jambo lililokuwa likifanywa wakati huo, na maneno yanayopendekezwa badala yake. Mfano mmoja watosha. Kompyuta inapoonyesha ukubwa wa diski hutaja pia sehemu ambayo haijatumiwa, na kwa bahati mbaya Kiingereza huitaja kwa neno lile lile lililoleta fujo tangu mwanzo. Mfasiri asiyeona mahali pake aweza kuandika nafasi ya bure, na mtumiaji akashangaa kama nafasi nyingine za diski yake hulipiwa. Au aweza kuandika nafasi huru, kana kwamba zile zilizojaa zimo kifungoni. Mwenye nyumba ya Kiswahili angesema nafasi iliyobaki. Pendekezo hilo huandikwa kwa dakika tano, na linapokubaliwa huonekana katika kila kompyuta itakayochagua Kiswahili katika toleo lifuatalo.